Nani Atafunika Shimo? Maji ya Vinu vya Nyuklia Vilivyofungwa, na Maswali Yake kwa Ziwa Letu

Katika sheria ambazo Mungu aliwapa Waisraeli kwa mkono wa Musa, kuna moja fupi juu ya mashimo. Tunaipata katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mistari ya 33 na 34. Mtu akifungua shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Sheria hiyo haiulizi kama bado analitumia shimo lake. Haiulizi kama alikuwa na nia mbaya. Inaangalia jambo moja tu: aliyefungua ndiye anayepaswa kufunika.

Sisi wa Fizi na Baraka tunajua mashimo. Lakini leo tunataka kueleza juu ya shimo la namna nyingine, ambalo linasumbua nchi tajiri kuliko yetu: maji yenye mionzi yanayobaki katika vinu vya nyuklia vilivyofungwa. Habari hizi zinatufikia kwa redio na kwa simu, mara nyingi zikiwa nusu nusu. Mmoja anasema bahari yote imekwisha kutiwa sumu. Mwingine anasema ni uongo wa kisiasa. Mkristo hapaswi kueneza hofu, wala hapaswi kufumba macho. Basi tuangalie jambo lenyewe, hatua kwa hatua, halafu tuone linatufundisha nini sisi tunaokunywa na kuvua kwenye Ziwa Tanganyika.

Kinu kikifungwa, maji yanabaki

Kinu cha nyuklia kinatoa umeme kwa joto. Ndani yake kuna fimbo za urani, ambazo chembe zake zinapasuka na kutoa joto kali. Maji yanapita kuzipoza fimbo hizo, na joto hilo linatengeneza mvuke unaozungusha mashine za umeme. Fimbo zikichakaa hazitupwi mara moja, kwa sababu bado zina moto na mionzi mikali. Zinatumbukizwa katika bwawa lenye kina, ndani ya jengo, na kukaa humo miaka.

Siku kinu kinapofungwa, umeme unakatika, lakini maji ya mabwawa na ya mabomba yanabaki. Kampuni inayobomoa kinu inataka kuyaondoa ili ifike kwenye vyuma na saruji. Maji hayo yanapitishwa kwanza kwenye vichujio vinavyoshika vitu vingi vyenye mionzi, kama sesiamu na strontiamu. Lakini kimoja hakishikwi kirahisi. Kinaitwa tritiamu. Hiyo ni aina ya haidrojeni yenye mionzi, na kwa kuwa maji yenyewe yametengenezwa kwa haidrojeni, tritiamu inakuwa sehemu ya maji. Huwezi kuichuja, kama vile huwezi kuchuja maji kutoka ndani ya maji.

Mionzi ya tritiamu ni dhaifu. Haipenyi ngozi ya mtu. Inaweza kudhuru ikiingia mwilini kwa kunywa au kula, na kwa kiasi kikubwa. Pia inapungua yenyewe: kila baada ya miaka 12 na kidogo, nusu yake inakuwa imekwisha. Sesiamu na strontiamu zinahitaji miaka karibu 30 ili nusu ipotee. Tushike jambo hili, kwa maana tutalirudia: takataka nyingine zinaponywa na muda, nyingine haziponywi kamwe.

Chumvi katika sufuria, chumvi katika pipa

Serikali inawekaje mpaka wa maji yanayoruhusiwa kumwagwa? Kuna vipimo viwili, na watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ni ukali wa maji, yaani katika kila lita moja kuna mionzi kiasi gani. Kipimo chake kinaitwa bekereli. Cha pili ni jumla: kwa mwaka mzima, umemwaga mionzi yote kiasi gani. Mama akitia kijiko cha chumvi katika sufuria, mchuzi unakuwa mkali. Akitia kijiko kile kile katika pipa la maji, hutasikia ladha. Lakini chumvi ni ile ile. Haikupungua hata punje moja. Kwa hiyo sheria inayopima ukali peke yake inaweza kutimizwa kwa kuongeza maji tu. Sheria nzuri inapima yote mawili.

Mfano ni Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha Fukushima Daiichi. Tangu hapo maji yanayopoza mabaki ya fimbo, pamoja na maji ya mvua na ya ardhini yanayoingia humo, yalikusanywa katika matangi zaidi ya 1,000, mpaka yakapita mita za ujazo milioni 1.3. Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kuyamwaga baharini kidogo kidogo, baada ya kuyachuja na kuyazimua kwa maji ya bahari. Mpaka uliowekwa kwa tritiamu ni bekereli 1,500 kwa lita, na kwa mwaka mzima jumla isipite bekereli trilioni 22. Kazi hiyo imepangwa kuchukua miaka karibu 30. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa ripoti mwezi wa Julai 2023 likisema mpango huo unafuata kanuni za usalama za kimataifa na kwamba madhara kwa watu na mazingira yatakuwa madogo sana. Hata hivyo wavuvi wa Japani waliupinga, na China ilisimamisha kununua samaki kutoka Japani.

Angalia tena hesabu. Sheria ya Japani yenyewe inaruhusu hadi bekereli 60,000 za tritiamu kwa lita katika maji yanayotoka kituoni. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa bekereli 10,000 kwa maji ya kunywa. Marekani kwa maji ya kunywa imeweka 740. Umoja wa Ulaya unataka uchunguzi ufanyike ikipita 100. Tritiamu ni moja, mwili wa mwanadamu ni mmoja, lakini namba ni nne. Hii haina maana kwamba wataalamu wanadanganya. Maana yake ni kwamba kuweka mpaka ni kazi ya sayansi pamoja na kazi ya watu kukubaliana: tunakubali hatari ndogo kiasi gani, kwa faida ya nani, na nani aliulizwa? Swali la mwisho halijibiwi na mashine ya kupimia.

Nani ana neno la mwisho?

Mambo mawili kutoka Marekani yanaonyesha mgongano huo.

La kwanza ni la mto Hudson. Kituo cha Indian Point, kaskazini ya jiji la New York, kilifungwa mwezi wa Aprili 2021. Kampuni ya Holtec, iliyochukua kazi ya kukibomoa, ilipanga kumwaga maji yake mtoni. Miji iliyo kando ya mto ilipinga, na mwezi wa Agosti 2023 jimbo la New York likapitisha sheria ya kukataza kumwaga maji yenye mionzi kutoka katika kinu kinachobomolewa. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwezi wa Septemba 2025 hakimu wa shirikisho akaipa haki: usalama wa mionzi, alisema, uko mikononi mwa serikali ya taifa zima, na jimbo haliwezi kuweka sheria yake juu ya hilo.

La pili ni la ghuba ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts. Kituo cha Pilgrim kilifungwa mwaka wa 2019, na kampuni hiyo hiyo ikataka kumwaga baharini lita karibu milioni 4. Hapo jimbo lilipita njia nyingine. Halikusema habari ya mionzi. Lilisema ghuba hii inalindwa tangu zamani na sheria ya hifadhi za bahari, na kumwaga takataka mpya za kiwanda humo hakuruhusiwi. Mwezi wa Julai 2024 ombi la kampuni likakataliwa.

Ndugu msomaji, ona tofauti hiyo. Kampuni ni moja na maji ni ya aina moja. Jimbo la kwanza lilijaribu kutunga sheria wakati hatari iko mlangoni, na likashindwa mahakamani. La pili lilikuwa na sheria iliyokuwepo kabla ya mgogoro, inayolinda maji yenyewe bila kujali ni nani anayekuja wala anamwaga nini. Anayelinda chemchemi mapema ana nguvu kuliko anayekimbia na jembe wakati mafuriko yamekwisha kuingia.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Vituo hivyo vilimwaga maji yenye mionzi kidogo wakati vilipokuwa vinafanya kazi, kwa ruhusa na kwa vipimo vilivyoandikwa, na wataalamu wengi wanasema kiasi hicho ni kidogo kuliko mionzi ambayo mtu anaipata kwa udongo na jua. Kuyaweka maji katika matangi nako kuna hatari yake, kwa maana tangi linaweza kuvuja. Kuyasafirisha kwa magari ni kupeleka mzigo kwa jirani mwingine. Hakuna njia isiyo na gharama. Ndiyo sababu lazima gharama ihesabiwe mbele ya wote.

Congo nayo imo katika hadithi hii

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya wazungu na Wajapani, sisi hatuna kinu cha umeme wa nyuklia. Ni kweli. Katika Afrika yote kituo kinachotoa umeme huo ni kimoja, Koeberg, karibu na Cape Town, na Misri inajenga kingine huko El Dabaa. Lakini Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha kutangaza nia ya kujenga, na nchi yetu imekuwa katika historia ya nyuklia kabla ya nyingi nyingine. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka wa 1945. Mwaka wa 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa mjini Kinshasa, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilikuwa cha utafiti, si cha umeme. Kinu cha pili kilikifuata mwaka wa 1972, nacho kilisimamishwa mwaka wa 2004. Basi hata sisi tuna kinu kilichonyamaza, juu ya mlima wa chuo kikuu, katika mji ambao mmomonyoko unakula milima yake.

Na tuna mto wetu wa mfano. Mwezi wa Novemba 2007, karibu na Likasi, tani karibu 18 za madini yenye mionzi yaliyokuwa yamekamatwa zilitakiwa kupelekwa Shinkolobwe zikafukiwe. Hazikufika. Zilimwagwa katika mto Mura. Sheria ilikuwepo. Amri ya kuzika ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama njiani kuhakikisha kwamba gari limefika lilikotumwa.

Sheria tunazo kweli. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalinda watu na hatari za mionzi, na baadaye ikaundwa kamati ya taifa ya kusimamia ulinzi huo. Juu ya yote iko Katiba ya mwaka wa 2006. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayofaa kwa maisha yake. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaotokana na kazi za uchumi unaleta wajibu wa kulipa fidia au kutengeneza kilichoharibika. Na kifungu cha 55 kinataja waziwazi kwamba kumwaga takataka zenye sumu, zenye kuchafua au zenye mionzi ndani ya maji ya nchi yetu ni jinai, zikiwa zimetoka nje au zimetoka humu humu. Wakristo wengi hawajui kwamba maneno hayo yameandikwa katika Katiba yao. Yafaa yasomwe kanisani siku moja, baada ya matangazo, kwa Kiswahili ambacho kila mama anakielewa.

Ziwa siyo bahari

Wanaomwaga katika bahari wana neno moja la kujitetea: bahari ni kubwa, inapokea na kutawanya. Sisi hatuna neno hilo. Ziwa Tanganyika ni refu, kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinafika mita karibu 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi yanayoondoka ziwani hayapiti hata mlango huo. Yanapanda juu kama mvuke wa jua, na mvuke hauchukui madini mazito. Kinachoingia na mito kinaweza kukaa humo vizazi kwa vizazi.

Kwa hiyo neno la kuzimua, ambalo kule Japani linaleta ubishi, kwetu ni hatari zaidi. Ghuba ya Burton, kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, ni mahali tunapovua ndagala, tunapofua, tunapochota maji. Siyo bahari kuu. Ni kisima cha kijiji, ila ni kikubwa.

Tena kisima hiki ni cha nchi nne. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, Burundi, Congo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa hili. Nchi hizo ziliahidi kuzuia uchafuzi, kuchunguza madhara ya miradi kabla haijaanza, na kujulishana kuna hatari. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Kwa nini kujulishana ni muhimu? Mwaka wa 2021 mabaki ya mgodi wa almasi nchini Angola yaliingia katika mto Tshikapa na kufika Kasai. Samaki walikufa, na waziri wetu wa mazingira, Ève Bazaiba, alitangaza vifo vya watu 12. Maji hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho.

Takataka yetu isiyopona

Sasa tuje nyumbani. Katika teritwari ya Fizi, hatari kubwa ya maji leo siyo tritiamu. Kwanza ni kipindupindu, ambacho kinarudi mwaka kwa mwaka. Pili ni kinachotoka katika dhahabu.

Katika machimbo ya Misisi na kwingine, mchimbaji anasaga mawe, anaosha unga wake, halafu anatia zebaki, ambayo wengi wanaiita merkiri. Zebaki inashikana na dhahabu. Kisha anaichoma juu ya moto. Zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Sehemu ya zebaki inakwenda na maji ya kuoshea mpaka kijitoni. Mito mingine inateremka kwenye ziwa, mingine inaelekea magharibi, kwenye Luama na Lualaba. Penye mashine kubwa, maji ya matope yanaweza kubeba pia sianidi au mafuta.

Hapa ndipo tunarudi kwa lile neno la muda. Tritiamu inapungua nusu kila miaka 12. Ukiiweka katika tangi imara miaka 60, itabaki karibu sehemu moja katika thelathini. Zebaki haina siku ya kwisha. Zebaki iliyoingia katika tope leo itakuwa zebaki wakati wa wajukuu wa wajukuu wetu. Ndani ya tope la maji, vijidudu vinaigeuza kuwa sumu inayopenya katika samaki, na inaongezeka kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo. Kwa kawaida samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama sangala, wanabeba zaidi kuliko ndagala. Inadhuru ubongo na mishipa, na inamdhuru zaidi mtoto aliye tumboni.

Jambo jingine ambalo wamama wetu wanapaswa kulijua: dawa ya klorini, ambayo tumezoea kuitia katika maji kwa ajili ya kipindupindu, inaua vijidudu lakini haiondoi zebaki. Kuchemsha nako hakuondoi madini. Kwa vijidudu tuna dawa nyumbani. Kwa madini dawa ni moja: yasiingie majini.

Na nani anapima? Fukushima kuna vipimo vya kila siku, na bado watu wanabishana. Kwetu, mbishi hana hata karatasi ya kubishia. Kuna ofisi za serikali kwa kazi hiyo: idara inayosimamia wachimbaji wadogo, inayoitwa SAEMAPE, wakala wa mazingira wa Congo, na idara ya kulinda mazingira ya migodi. Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, inamtaka mwenye mgodi afanye uchunguzi wa madhara, aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza ardhi baada ya kazi, na atoe sehemu 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Dhamana hiyo ndiyo sheria ya Musa katika mavazi mapya: kabla hujafungua shimo, onyesha fedha za kulifunika.

Lakini wengi wanachimba bila kibali, au kwa kibali cha mtu mwingine. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini alisimamisha makampuni kadhaa ya dhahabu katika teritwari ya Mwenga. Mwezi wa Julai 2024 gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji wote usiofuata sheria katika jimbo. Kusimamisha ni vizuri, lakini amri ya kusimamisha haifuniki shimo lililokwisha kuchimbwa. Kinu kilichofungwa kimetufundisha hilo: kazi ikisimama, maji yake hayasimami.

Kanisa lifanye nini?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono ambao wanakunywa maji safi, kisha wanayachafua yaliyobaki kwa miguu yao, hata wadogo wanakunywa tope. Hakuwakemea kwa sababu walikunywa. Kiu siyo dhambi. Kosa lao ni kusahau kwamba kuna mwingine nyuma yao ataweka kinywa pale pale. Mchimbaji wa Misisi mwenye watoto sita hatumhesabu kuwa adui. Wengi wao ni waamini wetu, na zaka zao zinajenga makanisa. Ndiyo sababu tuna haki na wajibu wa kusema nao kama ndugu.

Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, tuseme juu ya maji katika mafundisho yetu. Kumbukumbu la Torati 23 inawaagiza watu wa Mungu kuchukua kijiti na kufukia uchafu wao nje ya kambi, kwa sababu Bwana anatembea katikati yao. Usafi wa kambi ulikuwa sehemu ya ibada.

La pili, tuwasaidie wachimbaji kupunguza madhara hata kabla serikali haijafika. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba, wala karibu na mama mwenye mimba au watoto, wala katika sufuria ya kupikia. Kuna chombo cha chuma kilichofunikwa, kinachoitwa retorta, ambacho kinashika moshi wa zebaki na kuirudisha itumike tena. Maji ya kuoshea yakae katika shimo la kutulizia tope, mbali na kijito. Mashimo hayo yanachimbwa kwa jembe tu.

La tatu, kampuni ikija kuonana na wazee, tuulize maswali ambayo watu wa Hudson na Cape Cod waliuliza. Utamwaga nini? Ukali wake ni kiasi gani, na jumla yake kwa mwaka ni kiasi gani? Nani atapima, asiyelipwa nawe? Vipimo vitabandikwa wapi tuvione? Ukiondoka, fedha za kufunika ziko wapi? Tuyaulize mapema, mbele ya chifu wa sekta na mashirika ya kiraia, na majibu yaandikwe. Jambo la maji lisimalizwe na watu wawili katika gari lenye vioo vyeusi. Lipelekwe lubunga, mahali ambapo kila mmoja anasikia, na wamama wachota maji wawe na neno.

La nne, vituo vyetu vya afya vya kanisa viandike. Muuguzi akiona mitetemeko ya mikono, au watoto wa machimboni wanaochelewa kusema na kutembea, aandike kijiji, umri na kazi ya wazazi, na apeleke habari kwenye eneo la afya. Siyo kila mtetemeko ni zebaki, na muuguzi asimhukumu mtu. Lakini kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakilindwi na sheria yoyote.

Tunajua vita vimefanya mambo haya yaonekane kuwa ya watu wenye amani. Mtu anayekimbia risasi haulizi juu ya bekereli wala zebaki. Lakini ni wakati wa vurugu ndipo mashimo yanafunguliwa bila mwenyewe, na amani itakapokuja, watoto wetu watarudi wanywe maji tuliyowaachia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sheria ya Kutoka 21 haikungoja punda afe ndipo itaje wajibu wa mwenye shimo. Iliusema mapema, ili kila anayeshika jembe ajue kabla hajaanza kuchimba.

Bwana atupe macho ya kumwona jirani anayechota chini yetu, na ujasiri wa kumwuliza kila mwenye shimo: ndugu, kifuniko kiko wapi?